Mpelelezi wa Mji Mdogo na Ulimi wa Jirani

Wapo watu wengi, na miongoni mwao wasomi wenye heshima zao, wanaozitazama hadithi za upelelezi kama peremende: tamu mdomoni, lakini hazijengi mwili. Mimi si mmoja wao. Nimezisoma tangu ujana, na kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa baadhi yake zina jambo zito la kutuambia sisi tunaoishi kwa kujuana. Sizungumzii zile za majasusi wenye bastola na magari ya kasi. Nazungumzia zile za kijiji au mji mdogo, ambamo mtu ameuawa, polisi wamekwama, na anayekifumbua kitendawili si askari wala mwanasheria bali ni raia tu: bibi kizee, padri, mwalimu mstaafu, au muungwana mwenye kiko chake mdomoni. Halipwi mshahara. Hana pingu wala hati ya kupekua nyumba ya mtu. Silaha zake ni masikio na subira.

Swali langu ni hili: kwa nini kazi ya polisi akapewa mtu kama huyo? Na je, anapoifanya, hasa anamtafuta nani? Kulijibu inatupasa turudi nyuma kidogo katika historia.

Hadithi za upelelezi kwa sura tunayoijua zilianza na Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841, na mpelelezi wake, Dupin, naye hakuwa askari. Lakini Dupin aliishi Paris, kama vile Sherlock Holmes, aliyetoka kwenye kalamu ya Arthur Conan Doyle mwaka 1887, alivyoishi London. Hao walikuwa watu wa jiji. Jijini watu hawajuani, kwa hiyo mpelelezi huanzia kwenye vitu: majivu ya sigara, tope la kiatu, alama ya gurudumu. Kijijini mambo ni kinyume. Kila mtu anamjua kila mtu, au anadhani anamjua. Huko shida si uchache wa habari bali wingi wake, maana kweli na uongo vimepikwa chungu kimoja.

Ugumu huo ulionekana wazi katika kisa cha kweli kilichotokea Uingereza. Usiku wa tarehe 29 Juni 1860, katika kijiji cha Road, jimbo la Wiltshire, mtoto aitwaye Saville Kent, ambaye hakuwa ametimiza miaka 4, alitolewa kitandani mwake. Asubuhi alikutwa amekatwa koo na kutupwa katika choo cha nje. Dalili zilionyesha kuwa muuaji ni mtu wa nyumba ile ile. Polisi wa pale waliposhindwa, London ilimtuma Jonathan Whicher, mmoja wa watu wanane walioanzisha kikosi cha wapelelezi cha Scotland Yard mwaka 1842. Whicher alimshuku Constance, dada wa marehemu kwa baba, msichana wa miaka 16, kwa sababu gauni lake moja la kulalia halikuonekana.

Watu wakamjia juu, lakini si yule msichana. Walimjia juu Whicher! Mtu huyu wa tabaka la chini anathubutuje kuingia katika nyumba ya waungwana na kuhesabu nguo za kulalia za binti yao? Constance akaachiwa. Whicher akarudi London jina lake limechafuka, na mwaka 1864 akastaafu. Mwaka uliofuata, 1865, Constance akakiri kwa hiari yake kwamba ndiye aliyemuua ndugu yake. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo, naye akakaa gerezani miaka 20.

Watu wengi wanaokisimulia kisa hiki humwonea huruma Whicher, na wana haki. Mimi nawafikiria zaidi watu wengine wawili, baba wa mtoto na yaya wake. Kwa miaka mitano, tangu kifo mpaka siku ya kukiri, watu waliwasema wao. Ilisemwa kuwa walikuwa na uhusiano wa siri, na kwamba mtoto aliuawa kwa kuwa aliamka usiku akawaona. Hapakuwa na ushahidi wowote. Palikuwa na maneno tu, na maneno yalitosha kumfanya yaya akamatwe zaidi ya mara moja. Kesi ilipokwisha mahakamani, kijijini ilikuwa ikiendelea, na huko hakuna wakili wala rufani.

Basi waandishi wa hadithi wakajifunza jambo. Wilkie Collins, katika The Moonstone ya mwaka 1868, alichukua kisa cha nguo ya kulalia iliyopotea na mpelelezi kutoka London anayeshindwa kuvunja ukimya wa nyumba ya wakubwa. Mgeni mwenye mamlaka hufungiwa mlango. Anayehitajika ni mtu ambaye tayari yumo ndani, ambaye akiingia hakuna anayenyamaza. G. K. Chesterton alimtoa mtu wa namna hiyo mwaka 1910: Father Brown, padri mfupi wa mviringo mwenye mwavuli, aliyejua maovu ya dunia kwa kuwa alikuwa amekaa miaka mingi akisikiliza maungamo. Lakini aliyekamilisha kazi alikuwa Agatha Christie.

Christie alizaliwa Torquay, katika jimbo la Devon, mwaka 1890. Mwaka 1926 alitoa riwaya iliyompa sifa kubwa, The Murder of Roger Ackroyd. Ndani yake mna mwanamke wa makamo asiyeolewa, dada wa daktari wa kijiji, ambaye bila kutoka nyumbani kwake anajua kila kinachotokea: muuza maziwa anamwambia mtumishi wa ndani, mtumishi anamwambia yeye. Riwaya ilipogeuzwa mchezo wa kuigiza, watengenezaji walimwondoa mwanamke huyo, wakaweka msichana mrembo mahali pake. Christie hakupendezwa. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kuwa huenda ndipo Miss Marple alipoanzia. Mwezi Desemba 1927, Miss Marple akatokea katika hadithi fupi, na mwaka 1930 akapata riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage. Jumla alipata riwaya 12 na hadithi fupi 20.

Hebu tumtazame katika hadithi ile ya kwanza. Watu wameketi sebuleni kwake, katika kijiji cha St Mary Mead: mpwa wake ambaye ni mwandishi, msanii wa kike, mwanasheria, kasisi, na mkuu wa zamani wa Scotland Yard. Wanakubaliana kuwa kila mmoja asimulie kisa kigumu na wengine wakifumbue. Wanajihesabu: watano. Yule bibi aliyeketi karibu na moto akifuma anawakumbusha kwa upole kuwa wako sita. Walimsahau! Naye, alipoombwa atoe mfano wa kitendawili, alitaja kamba wa jirani yake, waliopotea kati ya duka moja na jingine. Wageni wakacheka. Mwisho wa jioni ni yeye peke yake aliyepata jibu, kwa kuwa mzee mmoja wa kijijini aliwahi kumtenda mtumishi wake jambo lililofanana na lile la muuaji.

Hiyo ndiyo njia yake siku zote. Humlinganisha mshukiwa na mtu anayemjua: huyu ananikumbusha kijana wa muuza samaki, yule ananikumbusha mtumishi niliyekuwa naye. Tabia ya binadamu, kwake, ni ile ile kijijini na mjini, ila kijijini unaiona kwa karibu. Wazee wetu nao hufanya vivyo hivyo wanapomtazama kijana na kusema amemfuata mjomba wake.

Sasa tufike penye kiini. Mtu anaweza kusema kuwa Miss Marple ni mmbea tu aliyepewa heshima. Anachungulia dirishani, analima bustani iliyo karibu na njia ili aone wapitao, anasema anatazama ndege kwa darubini. Yote ni kweli. Lakini ipo tofauti kubwa kati yake na mmbea, nayo inaonekana vizuri katika The Body in the Library, riwaya ya mwaka 1942. Maiti ya msichana asiyejulikana imekutwa katika maktaba ya Kanali Bantry, mzee mwenye heshima zake. Mara moja kijiji kinaanza kumsema. Siku chache tu, na mialiko inafutwa, watu wanabadilisha njia wakimwona, naye mzee anaanza kunywea. Miss Marple anaona kuwa muuaji asipojulikana, rafiki yake atakufa taratibu kwa kutengwa. Kumbe anayetafutwa ni wawili: mwenye hatia, ili akamatwe, na asiye na hatia, ili aokolewe. Mmbea huchukua neno akalikuza. Mpelelezi huchukua neno lile lile akalipima, akiuliza ni nani aliyelisema kwanza, na aliona nini hasa kwa macho yake.

Jambo hili Christie alilirudia tena na tena. Katika The Moving Finger, ya miaka hiyo hiyo ya vita, mji mdogo unapatwa na barua zisizo na jina la mwandishi, kila moja ikimtuhumu mpokeaji kwa uchafu. Wakazi wanakariri ile methali ambayo sisi nasi tunayo, kwamba pafukapo moshi pana moto. Sitakuharibia utamu, msomaji, kwa kutaja mwisho. Nitasema tu kuwa muuaji alitegemea methali hiyo. Alijua kuwa watu wakiona moshi, hakuna atakayeuliza ni nani anayeufukiza. Na katika A Pocket Full of Rye, ya mwaka 1953, anayeuawa ni mtumishi wa ndani, msichana aliyetoka katika nyumba ya yatima na kufundishwa kazi na Miss Marple mwenyewe. Muuaji alimbana pua kwa kibanio cha nguo, kama mzaha. Bibi anapanda treni amekasirika. Hakuna aliyemwita, wala hakuna atakayemlipa. Anakwenda kwa sababu msichana yule hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumuulizia.

Upo upande mwingine wa habari hii ambao kwa muda mrefu umenishughulisha. Tumtazame tena Miss Marple, ila safari hii tumvue ile shali ya sufi na kikombe cha chai. Ni mwanamke mzee. Hana mume, hana mtoto. Anaishi peke yake, anatazama watu, anajua mambo yao, na analima mimea. Je, katika historia ya dunia, mtu wa namna hiyo aliitwaje na majirani zake?

Aliitwa mchawi. Na hapo hapo Devon, jimbo alikozaliwa Christie, wanawake watatu wa mji mdogo wa Bideford, Temperance Lloyd, Susannah Edwards na Mary Trembles, walinyongwa mwezi Agosti 1682. Walikuwa maskini. Ushahidi dhidi yao ulikuwa maneno ya majirani: mtu aliugua baada ya kukutana na mmoja wao, ndege alitua dirishani kwa mgonjwa, paka alionekana mahali fulani. Wao ni miongoni mwa watu wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa shitaka hilo. Mwaka 1712 mwanamke mwingine, Jane Wenham, alitiwa hatiani lakini akasamehewa, na sheria ya mwaka 1735 ikaacha kuutambua uchawi kama kosa la kweli.

Kutoka mwaka 1735 mpaka 1927 ni miaka 192. Katika muda huo bibi mpweke wa kijijini alivushwa kutoka kizimbani hadi kwenye kiti cha mwamuzi. Yale yale yaliyompeleka Temperance Lloyd kwenye kitanzi, yaani uzee, upweke na kujua mambo ya watu, ndiyo yaliyomfanya Miss Marple aheshimiwe. Sidhani kama Christie aliwaza hivyo alipokuwa akiandika. Lakini alikuwa akiandika baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambapo hesabu ya watu ya mwaka 1921 ilionyesha kuwa wanawake wa Uingereza na Wales walizidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Magazeti yalijadili wanawake hao kana kwamba ni bidhaa iliyobaki dukani. Dorothy Sayers, katika riwaya yake ya mwaka 1927, aliwapa baadhi yao kazi ya upelelezi: wanajua kuuliza, na hakuna anayewashuku. Watu waliohesabiwa kuwa hawana faida wakaonekana kuwa ndio wenye macho.

Na sisi je? Tunaye wetu, tena wa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake ndimo alimozaliwa Bwana Msa, muungwana mvuta kiko ambaye si polisi, anayetembea na rafiki yake Najum. Jina lake, ukilitazama vizuri, ni herufi za kwanza za majina ya mwandishi. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine, mpaka mwandishi alipofariki mwaka 1991.

Wahakiki wamesema mengi kuhusu jinsi Bwana Msa anavyofanana na Sherlock Holmes, na kiko kinawapa haki. Lakini mimi naona mazingira yake ni ya St Mary Mead zaidi kuliko London. Ni mji wa vichochoro, mabaraza na kahawa, ambamo kila nyumba inajua ukoo wa nyumba ya pili. Na adui wake si muuaji peke yake. Katika kitabu cha kwanza, mwenye mali anakutwa ameuawa penye mzimu, na watu wanaridhika kuwa wazee wa kale wamekasirika. Basi, kesi imekwisha! Giningi nako, kila Mzanzibari amesikia tangu utotoni kuwa ndiko wachawi wanakokutania. Bwana Msa anakataa kuishia hapo. Si kwamba anawatukana watu kwa imani zao. Anataka tu kujua nani aliyefaidika na kifo. Msomaji akimaliza kitabu anabaki na funzo kuwa mzimu ni mahali pazuri sana pa kumficha mwuaji, kwa sababu hakuna polisi anayeweza kuutia mzimu pingu.

Nililielewa jambo hili zaidi katika mji mmoja mdogo wa Kanda ya Ziwa, ambako nilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Fedha za duka moja la ushirika ziliibwa alfajiri. Kabla jua halijapanda, mji mzima ulikwisha kumjua mwizi: kijana mpagazi, mgeni, asiye na ndugu pale. Alishikwa na sungusungu, akapigwa, kisha akaachiwa kwa kukosa kielelezo. Hakukaa tena. Alipanda lori, na hakuonekana tena. Miaka miwili baadaye nilikuwa nimeketi kwa bibi mmoja mjane aliyekaanga maandazi kando ya stendi, na habari ile ikazuka. Akasema bila kuinua macho kwenye karai, "Yule mtoto alikuwa hapa, mjukuu wangu. Tangu moto haujashika mpaka kumekucha. Alinisaidia kupasua kuni."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema, bibi?"

Akajibu, "Nani aliniuliza?" Akanyamaza kidogo, akafuta macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Kisha akaongeza, "Na macho haya, niende mbele ya watu nikasema najua mambo ya alfajiri?"

Msomaji wa sehemu zile hahitaji kuelezwa zaidi. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, yanayotokana na moshi wa jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Mwanamke yule alikuwa na kila kitu cha Miss Marple: macho, kumbukumbu, kiti cha kudumu mahali watu wanapopita. Alichokosa ni kijiji ambacho kinaweza kumsikiliza bila kumgeukia. Kwa hiyo kijana asiye na hatia aliondoka na makovu, na mwizi wa kweli, yeyote yule, aliendelea kununua maandazi.

Wapo wanaozikosoa riwaya hizi kwa haki. Wanasema vijiji vyake ni vya waungwana wanywa chai, na kuwa haiwezekani mahali padogo pawe na vifo vingi hivyo. Mchezo wa televisheni wa Kimarekani wa Jessica Fletcher, mwalimu mstaafu wa mji wa kubuni wa Cabot Cove, ulioneshwa tangu 1984 hadi 1996 katika vipindi 264, na watu hutania kuwa hakuna mwenye akili angehamia huko. Sawa. Lakini kazi ya hadithi hizi si kuhesabu maiti. Kazi yake ni kutufundisha kusikia neno la mtaani na kuuliza limetoka wapi.

Tunayo methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Wengi huitumia kumaliza mazungumzo. Nadhani ingefaa itumike kuyaanza. Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini lipo wapi? Aliyeliona ni nani, na alikuwa amesimama wapi? Ni nani aliyekuwa karibu ambaye hatujamuuliza, kwa kuwa ni mzee, ni maskini, ni mtumishi, au tumezoea kupita mbele yake bila kumhesabu? Maswali haya hayahitaji cheo wala kiko. Mtu yeyote anaweza kuyauliza mlangoni kwake, kabla hajalipeleka neno nyumba ya pili.